Upasuaji wa kikwapa kupitia tundu la milimita tano

Mgonjwa anayekwenda kwa daktari wa upasuaji nchini Japani akilalamikia kikwapa huulizwa mapema swali linalomshangaza: je, nta ya masikio yake ni kavu kama pumba, au ni laini na inanata? Daktari anaweza hata kumchungulia sikioni kabla ya kumwambia avue shati. Swali hilo halina mzaha wowote. Nta ya sikio na harufu ya kwapa hutokana na tezi za jamii moja, na mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba badiliko la herufi moja tu katika jeni liitwalo ABCC11 ndilo linaloamua nta ya mtu iwe ya aina gani. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba badiliko hilohilo ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa kama kwapa lake litatoa harufu ya kutajika au la. Aliyerithi nakala ya nta kavu kwa baba na kwa mama huwa karibu hana kikwapa. Aliyepata nakala ya nta laini, hata kutoka kwa mzazi mmoja, tezi zake hufanya kazi kamili.

Nimeanzia sikioni kwa sababu hapo ndipo panapoeleza kwa nini upasuaji huu ulikulia Asia ya Mashariki. Wajapani wenye nta laini ni wachache, pengine mmoja katika kila watano au sita, na Wakorea wenye nta hiyo ni wachache zaidi. Katika jamii ambayo mwalimu, jirani na mwenzako wa darasani hawana harufu, kijana ambaye kikwapa chake kingeonekana cha kawaida kabisa Mombasa au Kinshasa huhesabiwa kuwa mgonjwa. Wajapani wanayo hata istilahi yake, wakiga. Wachina huiita harufu ya mbweha. Na bima ya afya ya Japani hulipia upasuaji wake pale daktari anapothibitisha kuwa hali hiyo ipo. Afrika mambo ni kinyume, kwa kuwa karibu kila mtu ana nta laini. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anayekutana na tangazo la kutibu kikwapa kilichopita kiasi anapaswa kufahamu kwamba kiasi chenyewe kilipimwa kwa watu wengine. Jambo hilo haliufanyi upasuaji kuwa wa uongo, ila linabadilisha kabisa swali la nani anauhitaji.

Mwili una tezi za jasho za aina mbili kuu. Za kwanza, ziitwazo ekrini, zimetapakaa mwili mzima kwa mamilioni, hutoa maji yenye chumvi ili kuupoza mwili, na ndizo zinazolowesha shati la mtu anayepalilia shamba saa sita mchana. Za pili, apokrini, zimejikusanya makwapani, kinenani, kuzunguka chuchu na mahali pengine pachache. Hizi hazifunguki juu ya ngozi moja kwa moja bali ndani ya kishimo cha unywele, hulala kimya utotoni na huamka mtu anapobalehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita anaweza kucheza mpira tangu asubuhi hadi jioni, akarudi nyumbani ananuka vumbi na jua, lakini asinuke kikwapa. Majimaji ya tezi hizi ni machache, yana mafuta na protini, na yanapotoka hayana harufu.

Harufu hutengenezwa nje, na bakteria. Wale wa jamii ya Corynebacterium huyavunja majimaji hayo na kuachilia asidi za mafuta zenye umbo la tawi, ambazo baadhi yake pua ya binadamu huzifananisha na bizari nyembamba na nyingine na beberu. Lugha yetu haikukosea kumtaja mnyama huyo, kwa sababu harufu ya beberu mwenyewe hutokana na asidi iliyo katika ukoo huohuo wa kemia. Bakteria wengine, hasa Staphylococcus hominis, hutoa kemikali yenye salfa inayokaribia harufu ya kitunguu, nayo hunusika hata ikiwa katika kiasi kidogo mno. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza walieleza muundo wa kimeng'enya ambacho bakteria huyo hukitumia kuitengeneza. Jasho jingi la ekrini halina harufu hiyo, ila hulilowesha kwapa na kuwapa bakteria mazingira wanayoyapenda, na hilo ndilo linalowafanya watu wengi wachanganye kutokwa na jasho jingi na kunuka. Hayo ni mambo mawili, na matibabu ya moja si lazima yatibu la pili.

Mnyororo huo unaweza kukatwa kwa bakteria, kwa majimaji au kwa tezi zenyewe, na upasuaji ndio mkato wa mwisho. Kabla yake kuna mengi ya kujaribu, na daktari makini hatayaruka. Sabuni yenye benzoili peroksaidi hupunguza bakteria, kunyoa nywele za kwapa huwaondolea maskani, na dawa zenye chumvi za aluminiamu huziba midomo ya tezi za jasho kwa muda, hasa zikipakwa usiku kwapa likiwa kavu. Shabu, lile jiwe la chumvi linalouzwa sokoni na ambalo wazee wamelisugua makwapani tangu zamani, lina aluminiamu pia, kwa hiyo desturi hiyo ina msingi wake. Chakula nacho huhusika. Mama aliyejifungua anayekunywa uji wa uwatu ili apate maziwa hutoa jasho lenye harufu ya uwatu, na hiyo huisha yenyewe anapoacha kuutumia. Sindano ya botulinamu, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 2004 kwa jasho jingi la makwapani, huzima mishipa ya fahamu inayoziamrisha tezi za ekrini, hivyo kwapa hukauka kwa miezi kadhaa na harufu hupungua kwa wengi. Lakini tezi za apokrini hubaki pale pale zilipo. Nitaje pia ule upasuaji wa kifuani unaokata mishipa ya fahamu ya jasho, kwa kuwa watu huuchanganya na huu. Ule ni wa jasho, hasa la viganja, na unaweza kumwachia mtu jasho jipya jingi mgongoni na tumboni. Kwa mtu ambaye shida yake ni harufu tu, hauna nafasi.

Sasa tuingie chini ya ngozi. Tezi za apokrini za kwapa hukaa milimita chache tu kutoka nje, pale ngozi ya ndani inapokutana na tabaka la mafuta. Hazielei ndani ya mafuta. Zimegandamana na upande wa chini wa ngozi, karibu na mizizi ya nywele. Na katika tabaka hilohilo hupita mtandao wa mishipa midogo ya damu inayoilisha ngozi iliyo juu. Ugumu wote wa upasuaji huu umo katika milimita hizo: kinachotakiwa kuondolewa na kinachotakiwa kubaki vimelala kitanda kimoja. Ukikwangua kidogo, tezi hubaki na harufu hurudi. Ukikwangua mno, ngozi hukosa damu, hugeuka nyeusi na kufa. Kila mbinu iliyobuniwa ni namna tofauti ya kuafikiana na ukweli huo, na sijaona hata moja iliyoukwepa.

Mbinu ya zamani haikuhangaika na uafikiano wowote. Madaktari walikata kipande chote cha ngozi yenye nywele pamoja na tezi zake, kisha wakavuta kingo mbili na kuzishona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Sweden na Marekani waliandika kuhusu upasuaji wa namna hiyo kwa watu wenye jasho jingi. Tezi zilizoondolewa hazikurudi, hilo ni kweli, lakini kovu lilipita katikati ya kwapa, mahali ambapo ngozi hujikunja na kunyooka kila mkono unapoinuliwa, na baadhi ya wagonjwa walibaki na ngozi iliyokaza kiasi cha kushindwa kuinua mkono kikamilifu.

Kilichofuata ni wazo la kuiacha ngozi na kutoa tezi tu. Mbinu ya mkasi, ambayo hadi leo ndiyo kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho Japani, hufanyika kwa ganzi mgonjwa akiwa macho, amelala chali na mikono ameiweka kichwani kama anayepumzika chini ya mwembe. Daktari hukata mstari wa sentimita tatu au nne ndani ya mkunjo wa kwapa, hutenganisha ngozi na mafuta katika eneo lote lenye nywele, kisha huipindua ngozi hiyo kwa vidole kama mtu anavyopindua soksi. Upande wa chini ukiwa umetazama juu, tezi huonekana kwa macho: punje ndogo ndogo za manjano na waridi zilizosongamana kama mayai ya samaki, na katikati yake vidoa vyeusi ambavyo ni mizizi ya nywele. Daktari huzikata punje kwa mkasi uliopinda, moja baada ya nyingine na kifungu baada ya kifungu, hadi upande ule wa chini ubaki mweupe na laini. Kazi hiyo huchukua saa nzima hivi kwa kila kwapa na huchosha shingo ya anayeifanya. Faida yake ni kwamba kila kinachokatwa kimeonekana kwanza. Hasara yake ni lile kovu, na ukubwa wa ngozi inayotenganishwa na kitanda chake.

Hapo ndipo upasuaji wa matundu madogo ulipoingia. Wasomaji wengi wanalijua jina hilo kutokana na upasuaji wa tumbo, ambako daktari hupitisha kamera na vyuma virefu kwenye matundu na kutazama kioo. Kwapani kwa kawaida hakuna kamera. Kuna tundu moja au mawili, kila moja la milimita tatu hadi tano, pembeni mwa eneo la nywele au ndani ya mkunjo, na mrija mwembamba wa chuma. Jicho la daktari ni mkono wake mwingine, ule ulioshikilia ngozi kwa juu, unaohisi ncha ya mrija ikipita chini yake na kupima kwa vidole kama ngozi imekuwa nyembamba vya kutosha au imekuwa nyembamba kupita kiasi. Ninapoona tangazo linalosifu udogo wa tundu kana kwamba ndio ubora wa kazi, hukumbuka mkono huo. Tundu likiwa dogo, eneo linalofanyiwa kazi ndani halipungui hata kidogo. Kinachopungua ni kovu, pamoja na uwezo wa kuona.

Kilichoiwezesha mbinu hii ni maji. Mwaka 1987 Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, alichapisha njia yake ya kunyonya mafuta kwa kutumia ganzi iliyochanganywa katika maji mengi ya chumvi, ikiwa na lidokaini hafifu ya kuua maumivu na adrenalini kidogo sana ya kubana mishipa ya damu. Maji hayo yakijazwa chini ya ngozi ya kwapa, ngozi huvimba na kuwa ngumu kama chungwa, maumivu hutoweka, damu hutoka kidogo, na tabaka la tezi huinuliwa mbali na mishipa mikubwa na neva zilizo chini zaidi. Bila uvimbe huo wa makusudi, kupitisha chuma kipofukipofu mahali penye mishipa ya namna ile kungekuwa uzembe.

Kisha mrija huingizwa. Mtu aliyesomea kunyonya mafuta amefundishwa kuelekeza mdomo wa mrija chini, mbali na ngozi, ili asiache mabonde juu yake. Kwapani hufanya kinyume: huugeuza mdomo juu, kingo zake zikiwa kali au zenye meno kama ya tupa, akausugua upande wa chini wa ngozi huku mashine ikivuta kinachobanduka. Kunyonya peke yake hakutoshi, na hili ni kosa lililofanywa mapema na ambalo bado linafanywa. Mafuta ni laini na hutoka kwa urahisi, ilhali tezi zimeshikamana na ngozi, kwa hiyo anayenyonya tu hutoa mafuta ambayo hayakuwa na hatia na kuziacha tezi mahali pake. Ni ule ukwanguaji unaoleta tofauti. Baadhi ya madaktari hutumia kijiko chenye makali badala ya mrija, wengine huanza na kimoja na kumalizia na kingine.

Vifaa vimebadilika mara nyingi. Japani, tangu miaka ya 1970, kulikuwa na chombo chenye mikono miwili, mmoja ukiingia chini ya ngozi na wembe na mwingine ukibana kwa juu kwa kigurudumu, hivyo ngozi ilikwanguliwa kwa unene uliopangwa. Baadaye kikaja kifaa cha mawimbi ya sauti yasiyosikika, kinachosambaratisha tishu laini na kuiacha mishipa ya damu kwa kiasi fulani, ila ncha yake hupata moto na inaweza kuunguza ngozi kutoka ndani. Madaktari wa Taiwan ni miongoni mwa walioazima kwa wenzao wa mifupa kile chombo cha kusafishia goti, mrija wenye wembe unaozunguka ndani yake; hufanya kazi haraka na hutoboa ngozi haraka vilevile mkono ukiteleza. Leza nayo hupitishwa kwa uzi mwembamba wa kioo kupitia tundu dogo kuliko yote ili kuzichoma tezi kwa joto. Na ipo mashine ya mawimbi ya maikrowevu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa jasho jingi la makwapani, ambayo haikati popote: hukandamizwa juu ya ngozi, hupeleka joto kwenye mpaka wa ngozi na mafuta huku ikiipoza ngozi ya juu, na tezi za aina zote mbili zilizo kwenye mpaka huo hufa. Si upasuaji kwa maana kamili, lakini si mchezo pia, kwani kwa watu wembamba sana joto limewahi kufika kwenye neva za mkono na kuzidhuru.

Katika vifaa vyote hivyo utaona kanuni moja ikijirudia. Kadiri tezi zinavyoondolewa kwa ukamilifu, ndivyo ngozi inavyokaribia hatari; kadiri jeraha linavyokuwa dogo, ndivyo uwezekano wa kubaki na tezi unavyoongezeka. Ngozi ikichunguzwa kwa hadubini baada ya ukwanguaji wa tundu dogo, huonekana bado kuna tezi, hasa kwenye kingo za eneo na pembeni mwa matundu ambako mrija haukuweza kugeuka vizuri. Ndiyo sababu madaktari wengine huchanganya: hukwangua kwa mrija kwanza, kisha hupanua tundu hadi sentimita moja, huigeuza sehemu ya ngozi na kumalizia kwa mkasi palipobaki. Mgonjwa aliyeahidiwa kwamba harufu itakwisha asilimia mia ameahidiwa kitu ambacho daktari hana. Anachoweza kuahidiwa kwa haki ni kwamba itapungua sana, kwa wengi hadi kiwango ambacho sabuni na dawa ya kawaida vitatosha, na kwamba baadhi watahitaji kurudia. Tezi zilizotolewa hazioti tena. Zile zinazosemekana zimerudi kwa kawaida ndizo zilizoachwa, na kwa kijana ambaye balehe haijakamilika, zile ambazo zilikuwa bado hazijakua. Kwa sababu hiyo madaktari wengi humshauri mzazi mwenye papara asubiri.

Kuna jambo la baada ya upasuaji ambalo matangazo hulipita mbio, nami naona ndilo nusu ya kazi. Ngozi iliyotenganishwa na kitanda chake na kukwanguliwa imekuwa nyembamba sana, na kwa siku za mwanzo huishi kama ngozi iliyopandikizwa: sehemu ya chakula chake lazima itoke kwenye tishu iliyo chini, kwa kugusana nayo. Damu au majimaji yakijikusanya katikati, ngozi huinuka, mguso hukatika, na sehemu hiyo inaweza kufa hata kama mkono wa daktari ulikuwa stadi. Hivyo baada ya kukwangua, daktari huishona ngozi kwenye kitanda chake kwa nyuzi kadhaa za hapa na pale, huacha ncha ndefu za nyuzi zikining'inia kuzunguka eneo, hujaza kwapa kwa shashi zilizokunjwa hadi zikawa na umbo la andazi, kisha huzivuta ncha zile kutoka pande zote na kuzifunga juu yake, sawasawa na mzigo unavyofungwa kamba nyuma ya baiskeli. Wakati mwingine huachwa na kipira chembamba cha kutolea damu kwa siku moja au mbili.

Mgonjwa hutoka hapo akitembea mikono imeachana na mbavu kama aliyeficha mayai makwapani. Kifurushi kile hukaa siku kadhaa, nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili, na kwa muda huo haruhusiwi kuinua mkono juu ya bega: hakuna kuchana nywele mwenyewe, hakuna kuanika nguo kwenye kamba, hakuna kushika bomba ndani ya daladala. Wanaofanyiwa kwa tundu dogo huanza shughuli nyepesi mapema kuliko waliofanyiwa kwa mkasi, lakini katazo la bega huwahusu wote. Baadhi ya wanaopata damu kuvilia ni wale waliojiona wamepona kwa kuwa tundu lilikuwa dogo. Wiki chache baadaye kwapa huwa gumu na lenye ganzi, likashikwa linahisiwa kama si la mwenyewe, na hali hiyo hulainika kwa miezi. Nywele hupungua sana au hazioti tena sehemu kubwa, kwa sababu mizizi yake ilikatwa pamoja na tezi. Wengine hulipokea hilo kama nyongeza ya bure, wengine hawakuwa wamelitarajia.

Kwa ngozi nyeusi yako mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni keloidi, kovu linalokua na kuvuka mipaka ya jeraha lenyewe. Watu wenye asili ya Afrika huzipata mara nyingi zaidi kuliko wengine, na mtu ambaye sikio lake lilivimba alipotoboa herini, au ambaye kifua chake kina uvimbe uliotokana na chunusi, anapaswa kulisema hilo kabla ya kisu chochote kugusa kwapa lake, hata kama tundu ni la milimita tatu. La pili ni weusi unaobaki baada ya ngozi kuumia, ambao kwapani huweza kudumu miezi mingi. Matokeo mengi yaliyoandikwa kuhusu upasuaji huu yametoka kwa wagonjwa wa Japani, Korea, China na Taiwan, kwa hiyo picha za kabla na baada ambazo mtu hutumiwa kwenye simu hazimwonyeshi jinsi ngozi kama yake itakavyopona. Wa kwanza wa kuonana naye Afrika Mashariki si mpasuaji bali daktari wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimewafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, nao wanazifahamu keloidi kuliko daktari yeyote wa Seoul.

Daktari huyo pia atatafuta yale yanayojifanya kikwapa. Vinundu vyenye usaha vinavyojirudia makwapani na kuacha mashimo na makovu ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye tiba yake. Nywele za kwapa zilizovikwa utando wa manjano unaonata ni bakteria, na wembe pamoja na dawa ya kupaka hutosha. Harufu ya samaki inayotoka mwilini kote, kwenye pumzi na kwenye mkojo, hutokana na hitilafu ya kimeng'enya cha ini, na kumkwangua mtu huyo makwapa ni kumuumiza bure. Kisha, kabla ya kuamua, kuna kipimo kisichohitaji mashine: vipande vya shashi safi huwekwa makwapani kwa dakika kadhaa, mgonjwa akitembea au kupanda ngazi, halafu daktari hunusa na muuguzi hunusa, kila mmoja peke yake. Kipimo cha iodini na wanga ambacho Victor Minor wa Moscow alikieleza mwaka 1928, kinachogeuka rangi ya buluu nzito palipo na jasho, huonyesha jasho na si harufu, kwa hiyo hakiwezi kuchukua nafasi ya pua.

Na pua hizo mbili wakati mwingine hazinusi kitu. Mgonjwa anasisitiza kwamba ananuka, kwamba watu hufungua dirisha anapoingia, kwamba mtu aliyejigusa pua kwenye basi alikuwa anamsema yeye. Ameacha kazi, ameahirisha harusi, anaoga mara tano kwa siku. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Japani wameieleza hofu hii kwa miongo mingi, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la ICD-11, imeipa nafasi yake. Mtu wa namna hii akipasuliwa huamini kwa wiki chache kwamba amepona, kisha hurudi akisema tezi zimebaki, na akikataliwa hutafuta mpasuaji mwingine, akaongeza kovu juu ya kovu kwa ajili ya harufu ambayo haikuwahi kuwa kwapani. Anachokihitaji ni daktari wa akili na ndugu wa kumsindikiza huko bila kumcheka. Daktari wa Japani huenda alishamtambua tangu dakika ya kwanza, alipomchungulia sikioni na kuona nta kavu kama pumba.